Mzee Niliyemwigiza Siku ya Wazazi

Koti la baba lilinuka dizeli, tumbaku na miwa iliyoungua, na chini ya harufu hizo kulikuwa na nyingine ambayo mpaka leo sijaipatia jina. Baba alikuwa dereva wa trekta la kubebea miwa kule Shianda, na koti hilo la kijivu alilivaa kila siku, jua liwake au mvua inyeshe. Alipofariki nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Koti likakunjwa na kuwekwa ndani ya sanduku la bati katika nyumba ya kukhu, nyanya yetu mzaa baba, lisubiri siku ya kugawa nguo za marehemu. Kwetu nguo hizo hazivaliwi na mtu kabla ya siku hiyo. Ukoo hukusanyika, na koti la mwenye boma huvalishwa mwanawe wa kwanza mbele ya watu wote, ijulikane kuanzia hapo ni nani wa kuulizwa mambo ya boma lile. Mwana huyo alikuwa kaka yangu Makokha, aliyekuwa na miaka kumi na sita. Siku yenyewe ilisogezwa mbele mara mbili, kwa sababu baba mdogo alisema hawezi kuacha miwa yake ikikauka shambani. Kila jioni Makokha aliingia kwa kukhu akakaa karibu na lile sanduku. Hakuligusa. Alikaa tu.

Wakati huohuo shuleni tulikuwa tukitayarisha mchezo wa kuigiza kwa ajili ya siku ya wazazi. Mwalimu wetu alikuwa ameutunga mwenyewe: mzee aliyefanya kazi mbali kwa miaka mingi anarudi nyumbani, anaikuta jamaa yake ikila, na hakuna anayemtambua. Wavulana walimkataa mzee huyo kwa kuogopa kubandikwa jina lake mpaka darasa la nane. Mimi, msichana, nilimwomba. Nilitaka kujua inakuwaje kuwa mtu mwingine, na kusema kweli bado nataka kujua. Mwalimu akatuambia kila mmoja alete nguo za mhusika wake kutoka nyumbani. Ningependa kuandika kwamba nilisahau mwiko wa lile koti, lakini sikusahau. Nilifikiri hivi: atakayelivaa si mimi, ni mzee wa kwenye mchezo, na mzee huyo hana undugu na sisi, kwa hiyo mwiko haumhusu. Hiyo ndiyo hesabu niliyoipiga nikifungua sanduku asubuhi ile kukhu alipokuwa kisimani. Nimeirudia mara nyingi tangu hapo na sijaona vizuri ilipoharibika.

Jukwaa lilikuwa madawati yaliyounganishwa chini ya miti ya mikaratusi, na wazazi walikaa kwenye nyasi. Niliingia nimeinama, mikono ya koti imefunika vidole vyangu, watu wakaanza kucheka. Kisha nikafanya jambo ambalo halikuwa kwenye mchezo. Nikasugua kiatu mara mbili mbele ya mlango wa kuigiza, nikakohoa kikohozi kifupi cha baba, kile cha kutangaza kwamba amefika. Kicheko kikakatika. Nilimwona mama akisimama na kuondoka bila kugeuka. Kukhu hakuondoka. Kutoka pale kwenye nyasi aliniuliza kwa Kiwanga, lugha yetu ya nyumbani, kwa sauti ya kawaida kabisa, “Mbona umekawia hivyo?”

Wenzangu jukwaani walinitazama. Maneno ya mwalimu yalikuwa yamenitoka kichwani yote. Nikajibu, “Njia ilikuwa na matope, mama.”

“Basi keti, ule.”

Nikaketi. Watu walipiga makofi na wengine walilia, na mwalimu aliniambia baadaye kwamba hajawahi kuona mtoto akiigiza vile. Lakini nilikuwa naigiza? Na kukhu, alikuwa amechanganyikiwa na huzuni, au alikuwa anacheza nami? Alifariki miaka mitatu baadaye, na nilikuwa nimeogopa kumuuliza.

Siku ya kugawa nguo ilipofika, baba mdogo aliliinua koti mbele ya ukoo, akalishikilia hewani. “Hili limeshavaliwa,” akasema. “Sasa Makokha nitamvalisha nguo ya nani, ya kaka yangu ama ya huyu msichana?”

Bibi mmoja wa ukoo akapaza sauti kutoka nyuma, “Mpe msichana basi, si ndiye mzee wenu!”

Walicheka, halafu wakabishana mpaka jua likawa kali. Msichana hawezi kuvalishwa koti la boma, na mwana hawezi kuvalishwa lililokwisha kumpata mtu. Mwishowe wakampa mtoto wa shangazi kutoka Bukura, kwa kuwa kwetu mpwa ndiye huchukua kile ambacho wenye boma hawawezi tena kukigusa. Makokha alisimama pale na shati lake, mikono imening’inia. Tangu siku hiyo baba mdogo ndiye aliyesema kwa niaba ya boma letu, na neno lake la kwanza lilikuwa kumpeleka kaka yangu chuo cha ufundi cha Sigalagala akajifunze kuchomelea vyuma.

Mimi niliacha shule darasa la saba nikafuata vikundi vya maigizo, mji huu mwezi huu, mji mwingine mwezi ujao. Nimekuwa malkia, mlevi, mchawi, bawabu na mama mkwe. Siku hizi watazamaji wananirekodi kwa simu, na nikimaliza wananionyesha nilivyokuwa dakika tano zilizopita. Wanapiga makofi zaidi kuliko wale wazazi wa kwenye nyasi. Ila hakuna aliyewahi kuniuliza mbona nimekawia, na sijui kama hilo linanifanya mwigizaji mzuri au mbaya.

Mwezi uliopita nilikwenda nyumbani. Baba mdogo alishatutoka, na Makokha ana karakana yake ya milango na madirisha ya chuma, na boma sasa linamuuliza yeye. Tulikuwa tukinywa chai mbele ya karakana nilipomwomba msamaha wa lile koti, kwa mara ya kwanza.

“Wewe unafikirianga sana,” akasema. Akapuliza chai. “Dada, lile koti lingenipata, singeenda Sigalagala. Ningekuwa na miwa tu. Lakini pia nisingekaa miaka kumi na mbili nikinyamaza kwenye boma la baba yangu. Siku zingine nakushukuru. Siku zingine nakulaani, na ninakulaani vizuri.”

Nikamuuliza leo ni siku gani.

Akatazama juu, akanitazama mimi. “Bado asubuhi,” akasema, akaniongezea chai.