Kituo cha Dada Rukia

Sikwenda Ulaya kutembea. Kutembea nnatembea hapa hapa mtaani kwetu Ng'ambo, na magoti yanasema inatosha. Nilikwenda kumchukua dada yangu Rukia nimrejeshe Unguja, kwa sababu mwanawe, Salim, alinipigia simu akaniambia mama yake akili zinamtoka.

"Mama mdogo," akasema, "kila asubuhi anakwenda kituo cha tramu, anakaa pale mpaka adhuhuri, na hapandi. Tramu zinapita, yeye anaziangalia tu."

Tramu, kwa asiyeijua, ni gari la reli linalopita katikati ya barabara kama limepotea njia. Salim mwenyewe anakaa mji mwengine na ana kazi nyingi mno, hana nafasi ya kukaa na mama yake. Nafasi ya kukata tiketi alikuwa nayo. Akakata yangu ya kwenda na kurudi, na ya Rukia ya kuja Unguja tu, Ijumaa ya wiki ya pili.

Kabla ya kuondoka nikakipaka rangi chumba cha uani, nikatia godoro jipya, nikautangazia mtaa mzima kwamba dada yangu anarudi kukaa na watu, aondokane na upweke. Maneno hayo niliyasema nimesimama nyuma ya geti la chuma nililolitia barazani kwangu mwaka juzi, ili majirani wasije kupiga soga na kuegemea ukuta wangu wa chokaa. Hakuna aliyecheka. Wana adabu.

Uwanja wa ndege wakaninyang'anya chupa ya achari ya embe, wakasema ni hatari. Ni hatari kweli, kwa sahani ya wali. Ndani ya ndege nikasoma dua zote nizijuazo, zikaisha safari ikiwa bado nusu, nikaanza tena.

Nilipofika, Salim akanipokea, akaniteremsha mlangoni kwa mama yake, akanywa chai nusu kikombe, akaondoka. Kazi nyingi.

"Shikamoo, Dada."

"Marahaba. Umekonda, au ndege imekubana?"

Kwa mtu aliyetokwa na akili, ulimi ulikuwa mzima.

Asubuhi yake, saa mbili, Rukia akavaa koti zito, juu yake akajitanda kanga, akachukua chupa ya chai ya tangawizi na kimto, tukatoka. Kituo kiko pembezoni mwa mji, pasipo na duka wala watu wanaogombana. Ni kibanda cha kioo, benchi la chuma lenye baridi ya kuuma, na ubao wa taa unaosema tramu itafika baada ya dakika ngapi. Na inafika dakika ile ile! Sijui watu wa huko asubuhi wanalalamikia nini.

Rukia akaweka kimto, akakaa.

"Unangoja nini?" nikamuuliza.

"Singoji kitu. Nnakaa."

"Kituoni?"

"Nyumba za huku hazina baraza. Nikae wapi, juu ya paa?"

Wakaja watu, kila mmoja na simu yake. Rukia akawaamkia mmoja mmoja, wao wakatikisa kichwa, tramu ikaja, Rukia akawaamkia na waliomo ndani, watu wakaingia, kwisha. Nikasema moyoni, Salim kasema kweli.

"Dada, twende nyumbani. Chumba nshakipaka rangi."

"Rangi gani?"

"Kijani."

"Ntafikiri."

Akafikiri siku nne. Siku ya tano usiseme: nikamwambia atafia kituoni, na watu watadhani anangoja gari. Akaingia chumbani akafunga mlango, na asubuhi hakutoka. Nikaona vyema, kashalainika. Nikamwambia kwa nje kwamba nnakwenda mjini kumnunulia begi la safari.

"Wajua kupanda?" akauliza huko huko ndani.

"Kupanda gari? Mimi?"

Saa tatu kamili, niko peke yangu kituoni, tramu ikasimama mbele yangu, milango imefungwa. Kwetu konda angekwishanivuta ndani na kapu langu. Huku kimya. Watu wamekaa wananitazama kwa kioo, kama wenye nyumba waliokutwa wanakula. Mimi sikulelewa kusukuma mlango wa watu. Nikasema, "Hodi!" Kimya. "Hodi!" Kimya. Nikapiga ya tatu, na hodi ya tatu isipojibiwa, muungwana anarudi. Nikarudi nyuma, tramu ikaenda zake. Ya pili ikaja: hodi tatu, nikarudi. Nikasema, watu hawa walilelewa na nani?

Ilipofika ya tatu, bibi mmoja wa Kizungu mwenye kijibwa ndani ya mkoba, niliyemwona kila siku akiamkiwa na Rukia, akapita mbele yangu akabonyeza kitufe cha kijani ubavuni mwa mlango. Mlango ukafunguka. Akauzuia kwa mkono, akanigeukia.

"Karibu," akasema.

Nikaingia kwa mguu wa kulia. Msichana mwenye vidude masikioni akaninyanyukia kiti: "Karibu, Bibi." Mzee mwenye bakora naye: "Karibu." Sikuwa na haja ya kuuliza nani aliyewafundisha.

Yule bibi akaishika kanga yangu, akaonyesha lile benchi tupu. "Rukia?" Akalaza shavu juu ya kiganja: anaumwa? Nikakataa kwa kichwa. Hakuridhika. Msichana akavua vidude vyake: "Rukia?" Na dereva alikuwa amegeuka, anatazama benchi, gari haondoi. Dakika ya ubaoni ikaisha, ikapita. Gari lisilochelewa lilichelewa, kwa ajili ya mwanamke asiyelipanda.

"Mzima," nikawaambia kwa Kiswahili, mkono kifuani. "Mzima, alhamdulillahi. Kagombana na mdogo wake tu."

Nikashuka pale pale.

"Begi liko wapi?" Rukia akaniuliza.

"Sikupata zuri. Vaa koti, watu wanakuulizia."

Ijumaa Salim akaja na gari akakuta begi moja, langu.

"Mama mdogo, umeshindwa?"

"Mama yako akili zake timamu. Siku kazi zikikuachia, nenda ukakae naye kituoni."

Unguja nikafika adhuhuri. Bi Mgeni, jirani yangu wa mkabala, alikuwa anaanika nguo.

"Kumbe ulishakwenda?" akaniuliza.

Wiki mbili sipo, mlango umefungwa, geti limefungwa, naye hakuona tofauti. Na mimi ndiye niliyekwenda kumwokoa mtu na upweke.

Kesho yake nikamwita fundi wa kuchomea vyuma. Akalizunguka geti, akaligonga gonga.

"Bi Mwanaisha, mbona zima hili? Lina kasoro gani?"

"Halina kitufe," nikamwambia. "Kata."