Foku Niliyochagua kwa Jina la Kaka

Tulikuwa tumemzika kaka yangu Daudi, fundi baiskeli wa Karatu, mwezi uliotangulia. Siku moja nilifungua karakana yake, akaja kijana anayeongoza watalii wa baiskeli. "Shikamoo, fundi Daudi! Nimesikia sifa zako." Nikaitikia marahaba, maana sikutaka jina lile life pia.

Alileta foku mbili za shokapu, ile mikono ya mbele inayoshika gurudumu na kupunguza mishtuko, nimchagulie moja ya kuruka nayo makorongo. Nilizikandamiza. Ndefu ilibonyea sana, nikasema imekufa. Fupi haikutikisika, nikamfungia hiyo, nikajiona bingwa.

Jioni alirudi kutoka miteremko ya Rhotia, viganja vimechubuka. "Fundi, hii imeganda! Inayobonyea ndiyo nzima. Daudi gani hajui hilo?"

Majirani wakacheka, kisha wakanigeukia.

"Daudi amefariki," nikasema. "Mimi ni mdogo wake. Najua kuziba pancha tu."