Siku Rozi Alipokuwa Mwingereza

Mwaka 1951, nikiwa msichana wa miaka tisa, baba alifariki, nikaanza kuuza vitumbua mbele ya boma la Bagamoyo. Juzi nilimsindikiza mkwe wangu kuhojiwa ili apewe uraia, nikakumbuka mchana mmoja wa pale.

Rafiki yangu Rozi alitoka ndani na baba yake, fundi cherehani Mgoa, Mhindi kutoka Goa ya Wareno, viatu vipya vya Rozi vikilia.

“Baba kaulizwa maswali, kaapa. Sasa sisi Waingereza!”

Nilimwonea wivu. Nilidhani kesho ataamka mweupe.

“Shikamoo, baba. Na mimi niulizwe,” nilimwambia askari wa mlangoni.

“Marahaba. Mtoto wa Dunda, mwenyeji wa hapa hapa Bagamoyo, uulizwe nini? Lete kitumbua.”

Nililia, nikidhani nchi wamepewa wao.

Leo nina nyumba mbili Dunda, shamba la minazi Kerege, na cherehani ya baba yake Rozi, niliyoinunua walipohamia Uingereza baada ya uhuru.