Kuku wa Dada

MmaTshiamo alikuwa mpika pombe katika mji wa Kanye kwa miaka thelathini, na ukimwona anavyoshuka kitandani asubuhi, mkono kiunoni, utadhani miaka yote hiyo ameibeba mgongoni. Watoto sita amezaa, wote wako mbali. Mume kaburini, meno yamebaki manne. Alikuwa amechoka, basi, na si ule uchovu wa kulala ukaamka umekwisha.

Kilichomfurahisha ni kuku mmoja mwenye madoadoa, na huyo naye hakuwa wake. Alikuwa wa mafisa. Dada yake, MmaKgomotso, alimkabidhi amtunze, mayai ale, vifaranga wagawane, kuku mwenyewe abaki wa dada. Wenye ng'ombe hufanya hivyo kwa ng'ombe. Wasio nao hufanya kwa kuku. Ukimharibu mnyama wa mafisa, mwenyewe anakuja kumchukua, na huna pa kulalamikia.

MmaTshiamo akamlisha machicha ya pombe. Yalikuwa tele uani, ya nini kuyamwaga? Jirani alipolalamika kwamba mboga zake zinadonolewa, yeye akamfungia kuku bandani. Kuku akanenepa, akataga kila siku, na MmaTshiamo akawa anamwambia, "Mimi na wewe, mama, likizo hatuijui."

Asubuhi moja alimkuta amesimama wima, mkia chini, anajikamua na hakitoki kitu. Yai limekwama. MmaTshiamo aliingiwa na hofu kweli, maana hiyo ndiyo siku dada yake angekuja. Akapasha maji, akamkalisha kwenye beseni, akampaka mafuta kule nyuma. Alikuwa bado ameinama hivyo aliposikia dada yake akipiga hodi getini.

"Ko ko! We mwana, unamwogesha kuku akiwa hai?"

"Yai limemkwama, dada."

MmaKgomotso alikunja mikono ya gauni, akapapasa tumbo la kuku. "Mafuta matupu! Nilikupa kuku, wewe umenifugia mto wa kulalia. Unamlisha nini?"

"Machicha."

"Na maganda ya mayai?"

"Nayatupa. Si atajifunza kula mayai yake?"

"Ukiyaponda vizuri atajuaje, mjinga wewe? Shika hapa. Polepole."

Walimshika wawili, mmoja akimkanda, mwingine akimbembeleza, mpaka maji yakapoa. Yai likatoka. Halikuwa na ganda. Lilikuwa ngozi tupu, likalegea mkononi mwa MmaTshiamo.

"Umeona?" dada yake alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Machicha hayatengenezi ganda. Kuku akilikosa kwenye chakula, analitoa kwenye mifupa yake mwenyewe. Anataga tu, anataga, mpaka siku miguu inagoma."

MmaTshiamo aliligeuza lile yai kiganjani. Kiuno kilikuwa kinamuuma.

"Sasa tufanyeje?"

"Apumzike. Gizani, siku kadhaa, asitage kabisa. Nampeleka kwangu."

"Niachie, dada. Nitampondea maganda. Nitamfungulia atembee. Huyu ndiye ninayeongea naye."

"Mdogo wangu, hapa kwako nani anapumzika? Leo unachuja pombe?"

"Nachuja."

"Na kesho?"

MmaTshiamo aliendelea kumfuta kuku maji. Dada yake alivua blanketi la begani, akamfunga kuku vizuri, kichwa tu nje, akampakata.

MmaTshiamo alitaka kukasirika, akakosa hata nguvu za hasira. Alichopata ni wivu. Alimwonea wivu kuku, na hakuona aibu. Kuku ana mwenyewe. Akichoka, mwenyewe anakuja, anamfunika, anambeba.

"Dada!" aliita getini. "Na mimi je? Mimi nani atakuja kunichukua?"

MmaKgomotso alicheka mpaka kuku akatikisika. "Wewe nawe kwa mzaha! Kachuje pombe, wateja wako hao wanakuja."

Na kweli walikuwa wanakuja. MmaTshiamo akafunga mlango wa banda, ingawa ndani hamkuwa na kitu, akaenda kuchukua chujio.