Njia ya Kitanda

Mwezi uliopita tulimzika bibi yangu, pale Kibiti, na kabla ya kumzika ilibidi kwanza tumtoe mtaani. Nilikuwa nimesimama mlangoni na wanawake wenzangu, khanga imenifunika mpaka puani, nikiwatazama wanaume waliolibeba jeneza begani kuelekea barabarani. Hawakufika hata hatua ishirini. Baina ya baraza letu na ukuta wa duka la mbele, wale wa kwanza wakasimama na wale wa nyuma wakawagonga. Hapakupenyeka.

"Lishusheni!" mmoja akasema.

"Msilishushe! Linyanyueni juu, piteni mmojammoja!"

Likainuliwa mikononi, likayumba, shuka lake la kijani likakwaruza ukuta na chokaa ikawamwagikia vichwani. Nyuma yangu mwanamke mmoja akasema taratibu, "Kwenye njia yake mwenyewe, jamani." Sikugeuka kumtazama. Nilijua ananisema mimi.

Kaa nikueleze, ndugu yangu, maana ukipita leo mtaa ule utadhani ulizaliwa hivyo, umebanana.

Sisi asili yetu ni delta, kule mto unakomwagikia baharini, upande wa Salale. Nilikuwa na miaka sita mto ulipoingia shambani mpunga ukiwa umeanza kuchanua, ukakaa mpaka mpunga wote ukaoza, na kuta za nyumba zikayeyuka kama sukari. Tukapanda mtumbwi, kisha lori, mimi na bibi na mama, tukashukia Kibiti na sufuria, mkeka na kuku wawili. Bibi akapata kiwanja pembeni ya mji, palipokuwa na mikorosho michache na majani, katikati ya watu waliohama kama sisi na wengine walioshuka kutoka vilimani kwa Wamatumbi. Tulianza chini ya turubai. Masika yaliyofuata tukawa na chumba kimoja cha miti, kilichokandikwa udongo kwa mikono ya majirani. Siku ya kukandika ilikuwa kama harusi: wanaume wanakanyaga udongo, watoto tunachota maji, wanawake wanasonga bada, ule ugali mweusi wa muhogo, na mchuzi wa kamba wakavu uliotiwa nazi. Hata sasa nikisikia harufu ya udongo mbichi mate yananijaa mdomoni.

"Nyumba ya maskini huota kama muhogo," bibi alikuwa akisema. "Leo kijiti, kesho jani." Msimu mmoja tuliongeza jiko. Msimu mwingine bati nane juu ya chumba. Mama alikuwa ameshakwenda Dar es Salaam kupika kwa mama ntilie, na makubaliano yake na bibi yalikuwa mafupi: chumba cha pili kikiisha, anarudi. Kwa hiyo chumba kile kilikuwa changu kuliko cha mtu yeyote. Nilizihesabu fito zake. Boriti zililetwa na mjomba kutoka delta, za mkoko, nyekundu na nzito, zikinukia chumvi. Kuta ziliposimama nilikuwa naingia humo mchana peke yangu, nalala kwenye mchanga, natazama mbingu mahali paa litakapokuwa, na kupanga kitanda cha mama kitakaa wapi.

Halafu likatokea la jirani yetu, yule mama aliyekuwa akiuza vitumbua. Kila alfajiri hiliki yake ndiyo iliyotuamsha. Uchungu ulimshika mchana mmoja wa masika, mvua inapiga. Wanaume wanne wakambeba juu ya kitanda cha kamba kumpeleka zahanati. Lakini mtaa wetu haukuwa na njia. Kila mtu alijenga alipopenda, ukitaka kutoka unapita jikoni kwa huyu na uani kwa yule. Kitanda kikanasa baina ya jiko la watu na ua wa makuti wa choo. Wakawa wanavuta, wanarudisha, wanakata makuti kwa panga, na yule mama anapiga kelele ambazo sisi watoto tuliambiwa tuzibe masikio tusizisikie. Nilizisikia. Mtoto alizaliwa palepale, mvuani. Jioni haikumkuta hai.

Ijumaa ile, baada ya swala, watu wakakusanyika uani kwetu. Wapo waliosema tungoje, serikali itakuja kupima. Bibi akawajibu, "Ikija tutaipisha. Lakini masika mengine hayatoisubiri." Mwalimu wa shule ya msingi, aliyepanga nyumba ya tatu kutoka kwetu, akaleta karatasi la manila na kalamu ya wino mzito. Kwa siku kadhaa walitembea nyumba kwa nyumba, wakiandika nani anakaa wapi, choo kiko wapi, maji ya mvua yanapita wapi. Upana wa njia ulibishaniwa mpaka watu wakakasirikiana. Yule mama wa vitumbua, ambaye alikuwa hajatoka ndani tangu msiba, ndiye aliyekata shauri. Alikuja na kitanda kilekile, akakiweka chini, akasema, "Kitanda kipite na watu wake wanne, na mkokoteni upishane nacho." Hakuna aliyethubutu kupunguza hata shubiri.

Wakavuta kamba ya nyavu toka barabarani, wakachomeka vigingi. Kamba ikapita juu ya jiko la mtu, ikakata pembe ya ua wa mwingine, ikaja kwetu. Ikapita katikati ya chumba cha mama.

Mwalimu aliilegeza kamba. Alimpenda bibi, sote tulijua. "Bibi," akasema, "tunaweza kuipindisha kidogo hapa. Watu wataelewa."

"Ukiipindisha kwangu, kwa mwenzangu utainyooshaje?"

"Lakini kuta zimeshasimama."

"Zilisimama kwa mikono. Zitalala kwa mikono."

Akaingia, akaanza kuchomoa fito mwenyewe. Mimi nilimkumbatia miguu, nikalia kwa sauti niliyoazima kwa yule mama wa kitanda. "Na mama atalala wapi?"

"Atalala na sisi, mke mwenzangu," akasema. Ndivyo alivyoniita kwa utani, kama bibi wote wa kwetu wanavyowatania wajukuu wao wa kike. Siku ile sikucheka. Majirani walipoona bibi ameanza, mmoja baada ya mwingine wakaenda kuvunja majiko yao na kusogeza nyua zao. Hadi wiki inakwisha, ungesimama mlangoni kwetu ukaona magari yanapita barabara kuu.

Mama alikuja kabla ya Idi. Aliona mahali chumba kilipokuwa, pamefagiliwa peupe, watoto wanacheza mdako. Hakugomba. Alilala nasi siku tatu kwenye kitanda kimoja, mimi katikati, na siku ya nne akarudi Dar. Mwaka uliofuata akaolewa Mbagala. Alikuwa akija kunisalimia, na zawadi ananiletea, lakini kurudi hakurudi tena. Pengine asingerudi hata kama chumba kingekuwepo. Sasa mimi ni mtu mzima, najua mambo hayaendi kwa fito na boriti peke yake. Ila nilipokuwa mtoto nilijua jambo moja tu: mama yangu alikosa pa kulala kwa sababu ya njia.

Na njia yenyewe, nisiidhulumu, ilikuwa nzuri. Waliiita Njia ya Kitanda. Kila nyumba ilifagia kipande chake, na fagio zikianza asubuhi unasikia zinavyopokezana kutoka barabarani mpaka kwetu. Ukimwaga maji machafu unaitwa. Ukiegesha kuni unaulizwa. Wagonjwa walipita, maharusi walipita, maiti walipita. Mama wa vitumbua alijaliwa watoto wengine wawili, na wote alikwenda kuwazaa zahanati.

Mwalimu alihamishwa, ile manila akamwachia bibi, mchwa wakaila ndani ya sanduku. Wazee waliovuta kamba wakaondoka mmojammoja, wengine kwa Mungu, wengine kwa watoto wao. Viwanja vikauzwa, vikauzwa tena. Mimi nikakua, nikapata kazi Temeke, nikawa na hela kidogo ya kumfurahisha bibi. Nikaamua kumjengea baraza la saruji, lenye kivuli.

Fundi akanipigia simu. "Dada, bila kutoka nje futi tatu, baraza halikai."

"Toka," nikamwambia.

Jioni akapiga bibi. "Fundi wako amenitoa mpaka njiani."

"Bibi, njia yenyewe bado pana. Na wewe ulishaipa chumba kizima, futi tatu ndiyo nini?"

Akasema, "Haya." Hilo tu. Nami siwezi kukudanganya kwamba sikujua ninachofanya. Niliijua njia ile kuliko fundi. Kuna kijitoto ndani yangu kilichokuwa kikiidai miaka yote, na siku ile nilikilipa.

Bibi hakulikalia baraza lile hata siku moja. Alitandika mkeka wake nyuma, karibu na jiko, kwenye moshi. Haya nimeyajua msibani, kwa mama wa vitumbua, ambaye sasa ni mzee na mkono mmoja unamtetemeka. Akanieleza pia kwamba aliyenunua kiwanja cha mbele alipoanza kupandisha ukuta wa duka, bibi alikwenda kwake na fimbo yake. Yule bwana alimwamkia vizuri, akampa kiti, akamwambia, "Bibi, mimi mgeni. Ukuta wangu umetoka kama lilivyotoka baraza lako." Bibi akamshukuru kwa kiti, akarudi nyumbani. Baada ya hapo hakumwendea mtu yeyote tena, na kila aliyetaka kujenga njiani akajenga.

Siku ya nne ya msiba nilimwita fundi na nyundo kubwa. Mwenye duka akatoka kutazama, mtu mpole, kalamu sikioni.

"Dada, mbona unavunja kitu kizima?"

"Kipo njiani."

"Njia ya nani?"

Nikamweleza yote, kitanda, mvua, kamba ya nyavu. Alisikiliza hadi mwisho na nadhani yalimwingia. "Poleni sana," akasema. "Mimi nilinunua, nikaoneshwa mpaka. Haya hakuna aliyeniambia." Akautazama ukuta wake, akarudi dukani kuuza unga.

Basi sasa mbele ya nyumba yetu pana upana wa kitanda, hatua kama kumi hivi, kisha njia inabana tena kama koo. Nimerudi Temeke. Juzi nimempigia mama wa vitumbua kumjulia hali, akaniambia mtu amekwisha kumwaga mchanga pale nilipovunja, lori zima, anajenga nyumba nyuma ya kwetu.

Zamani, ndugu yangu, lori lile lisingeshusha. Dereva angewakuta wanawake watano wamesimama na fagio zao. Ninachokikosa si udongo ule wala makuti; ni wale watu waliokuwa tayari kwenda mlangoni kwa mtu kumwambia hapana, na waliokuwa wameanza kwao kwanza ili wapate uso wa kusemea.

"Mwambie auondoe, mama," nikamwomba.

Akacheka kidogo, cheko la kuchoka. "Njoo umwambie mwenyewe, mwanangu. Mimi huku nimebaki peke yangu."