Rahabu Hunusa Debe Kabla ya Kulikata

Saa moja asubuhi kijijini Misigiri, Rahabu Naftali ameingiza uso wote ndani ya debe la mafuta ya kula. Ananusa, anatulia, ananusa tena.

"Hili lilikuwa na mafuta tu," anasema, ndipo anaposhika patasi.

Anatoboa matundu manne kuzunguka kitako, anakunja kingo kwa nyundo zisimkate kuku shingo, kisha analisimamisha debe juu ya sinia kuukuu. Pumba na mashudu ya alizeti yakimiminwa humo hushuka yenyewe kadiri kuku wanavyokula. Wafugaji wanaowauzia kuku madereva wa malori kule Shelui wanakigombania chombo hiki, kwa shilingi mia tano.

Chombo chake cha kwanza hakikuwa cha debe.

Mumewe, Simoni, alitunza ghala la ushirika la dawa za pamba kwa miaka kumi na mmoja. Soko lilipofunguliwa na wanunuzi binafsi wakaingia, ghala likafungwa, naye akapunguzwa kazi mwaka 1995. Kiinua mgongo anakisubiri hadi leo kaburini. Alichorudi nacho nyumbani ni magaloni sita matupu ya dawa, kwa sababu hakukuwa tena na mtu wa kuyarudishia.

Msomaji wa mjini asishangae. Nusu ya kijiji ilikuwa ikichotea maji kwa magaloni hayo. Unayasugua kwa majivu na maji ya moto, basi, yamekuwa safi.

"Tulisugua siku mbili mpaka harufu ikaisha," anasema Rahabu, mwenye miaka 47. "Wazo la kulishia kuku lilikuwa langu. Baba Peniel alikata tu."

Hawakujua kwamba mafuta ya mashudu yangeivuta sumu iliyojificha ndani ya plastiki. Hilo mganga wa zahanati aliwaeleza baadaye.

Februari mwaka jana, siku ya nne tangu walishwe katika magaloni hayo, kuku walianza kutetemeka na kupinda shingo. Mfugaji yeyote wa Singida akiona hivyo hutaja neno moja: mdondo. Na kuku wa mdondo huwahiwa kwa kisu kabla hajafa mwenyewe, maana nani atatupa nyama? Rahabu alichinja watano mchana ule.

Firigisi, kwa desturi, ni za mwenye nyumba. Zote tano zikaenda kwa Simoni, ambaye kifua chake kilikuwa kimeshachoka kwa miaka ya kuvuta harufu ya ghala.

"Nilimpakulia kwa mkono huu," anasema, akiutazama. "Akacheka, akaniambia, 'Mama Peniel, leo umeniheshimu.' Sisi wengine tulitapika tu. Yeye alifia njiani kwenda zahanati, juu ya baiskeli ya mwanangu."

Nimeshaandika habari nyingi za mageuzi ya biashara, na sikuwahi kuuliza magaloni matupu yanaishia wapi. Naona aibu.

Tangu siku ile Peniel, mtoto pekee wa Rahabu, kijana wa miaka 24, hajala chakula cha mama yake. Wanaishi katika ua mmoja. Humpasulia kuni na kumwamkia kila asubuhi, halafu huenda kujisongea ugali wake.

"Hajanisema hata siku moja," anasema Rahabu. "Afadhali angenitukana."

Tukiwa tunazungumza, anafika jirani yake, Redempta, na galoni kichwani. Anayeleta galoni la sumu hupewa chombo cha debe bila kulipa.

"Shikamoo, Mama Peniel. Nimeleta lile la mwisho."

"Marahaba. Ulikuwa unawekea nini?"

"Maji ya kunywa."

Rahabu analitoboa galoni kwa patasi mara tatu na kulitupa katika shimo nyuma ya nyumba. Ni la thelathini na nane. Shimo lilichimbwa na Peniel, bila kuombwa.

Anataka shimo lijae na kufukiwa kabla ya msimu ujao wa kupulizia pamba. Baada ya hapo ana jambo moja tu.

"Siku tukilifukia nitachinja jogoo. Firigisi nitaiweka mbele ya Peniel, maana sasa mwenye nyumba ni yeye. Kwetu mwanamke hali firigisi, najua. Lakini nitaikata katikati, nile nusu yangu kwanza, nikae hapo aniangalie mpaka jioni. Halafu nimwachie yake."