Siku Tatu za Kupita Maduka

Mimi huvuka mpaka bila kufikiri. Ni wakala wa forodha hapa Malaba, mwaka wa ishirini huu, na kuna siku naenda upande wa Uganda mara tatu kufuatilia karatasi za lori moja. Ndiyo maana siku niliyosimama ukingoni mwa Bonde la Kerio, tukitoka harusini Iten, niliduwaa. Ng'ambo niliiona waziwazi, milima ya Kabarnet na mabati ya nyumba za watu. Lakini hakukuwa na geti wala daraja. Ukitaka kufika kule kwa miguu, sharti ushuke hadi chini kabisa kwenye joto, uvuke mto, halafu upande tena. Siku tatu, wenyeji wakaniambia. Nilirudi nyumbani nikiitamani safari ile kuliko kitu chochote nilichowahi kukitamani, na kwa umri wangu wa miaka arobaini na sita sikuona aibu.

Nilitafutiwa mwenyeji anayeshukisha watu bondeni, Kibet, tukaongea kwa simu. Hakunibembeleza. "Huku chini hakuna duka, mama," alisema. "Kwanza mtembee huko kwenu siku tatu, kila mtu na lita tano za maji kila asubuhi. Atakayekunywa au kula kitu ambacho hamkutoka nacho, huyo simshukishi." Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Tulipanga kushuka Agosti.

Mwenzangu alikuwa Amoit, Mteso wa Malaba, ambaye kwa miaka mingi amevusha mizigo ya wafanyabiashara kichwani na mgongoni. Mimi nilinunua begi zuri lenye mikanda kifuani. Yeye alikuja na gunia, amelifunga kwa vipande vya blada, ule mpira wa ndani wa tairi la baiskeli. Nilimcheka kidogo, naye akacheka pia.

Alhamisi, saa kumi na moja alfajiri, tuliondoka kwangu Mundika. Nilikuwa nimepakia chupa tano za maji za lita moja moja, viazi vitamu vilivyochemshwa, karanga na simsim. Nilipoliinua begi, mabega yalilalamika. Basi nikatoa chupa tatu, nikaziacha jikoni. Mnielewe: sisi watu wa mpakani hatubebi kitu kinachouzwa mbele. Tangu utotoni tunaondoka mikono mitupu kwa sababu ng'ambo kuna kila kitu, tena kwa bei nzuri. Nilijua fika kwamba mara hii sitanunua, ila mkono wangu haukujua.

Amoit aliliinua begi langu, akalipima kwa mkono mmoja. "Dada Nafula, hii bag iko light."

"Iko sawa," nikamjibu. Akanirudishia begi, akabeba gunia lake.

Saa kumi na mbili tulikuwa Busia mjini, tukipita kando ya msururu wa malori. Vijana wa boda boda wananijua, na mmoja alitufuata hatua kadhaa akinisihi nipande kabla begi halijanimaliza. Nilimwonyesha mkono tu. Baada ya Alupe mawingu yalijaa, upepo ukawa mzuri, nami nikatembea kama mwenye njia. Tulifika kwa Amoit, Malaba, karibu saa kumi na moja jioni. Chupa ya pili ilikuwa na maji bado. Nilijiona hodari, na nililala na viatu vyangu karibu na kichwa.

Ijumaa asubuhi, kwa hiyo, nilijaza tena chupa mbili zilezile.

Amagoro, saa tatu. Soko lilikuwa limechangamka, ndizi zimeiva, soda zinatoa jasho ndani ya friji, nasi tukapita tukitazama mbele. Kutoka hapo tuliacha lami tukaingia kwenye miamba, maana Kibet alitaka tushuke na kupanda mara sita. Leo hapakuwa na wingu. Jiwe lilitoa joto kutoka chini na jua likatoa lake kutoka juu. Saa tano, chupa zangu zote zilikuwa tupu. Nilimtazama Amoit akipanda mbele yangu bila kuhema, nikasema moyoni kwamba gunia lake lazima ni jepesi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kumwambia nimeishiwa, mimi niliyepanga kila kitu, sikuweza.

Saa sita na nusu tulifika kwa shangazi yake. Mama huyo alikuwa akigeuza muhogo aliouanika juu ya mwamba, jiwe zima limekuwa jeupe. Katika boma lile mgeni hupewa maji kabla ya kuulizwa habari, na kuyakataa ni kusema una neno na mwenye nyumba. Alileta kikombe kikubwa cha bati. Amoit alikipokea kwa mikono miwili, akapiga goti, akamrudishia.

"Shangazi, leo niko bondeni. Niwekee, nitakuja kunywa Jumapili."

"Bonde gani? Hapa ni kwangu," mama alisema, na uso ulikuwa umebadilika.

Amoit alianza kumweleza habari za Kerio. Mimi nilichukua kikombe nikanywa chote, nikaomba cha pili. Nilijiambia kwamba naokoa heshima ya Amoit kwa shangazi yake. Ukweli ni kwamba ulimi ulikuwa umenata.

Tuliposhuka nilisimama nikamwambia nimevunja sharti. Alijibu kwamba ameona. Kisha akafungua gunia, akanionyesha lita mbili na nusu zilizobaki.

"Mbona hukuniambia? Sisi tukivusha mzigo, mwenye kuchoka anasema, tunagawana. Ukinyamaza, utaangusha mali ya watu."

Niliona haya hadi masikioni. Kugawana hakukukatazwa kabisa, kwa kuwa maji yale tulitoka nayo.

Jioni, Malaba, nilikaa na simu mkononi. Kibet yuko mbali, na kazi yangu ni kunyoosha karatasi zilizopinda. Ningesema tumefaulu na asingejua. Lakini Amoit alikuwa pale akisonga ugali wa mtama, hanitazami, na nilijua nikidanganya mbele yake sitaweza kumwangalia usoni safari nzima ya bondeni. Nilimweleza Kibet yote, hadi kikombe cha pili.

Aliuliza ni nani aliyebakiwa na maji. Nikamtaja. "Basi mizigo apange yeye. Na wewe urudie hiyo siku ya miamba, peke yako. Ukishindwa, nitamshukisha yeye tu."

Jumamosi tulirudi Mundika. Nilibeba lita tano, zimepangwa na Amoit katikati ya mgongo badala ya chini kama nilivyofanya mimi, nikashangaa jinsi begi lilivyotulia. Nyumbani nilizikuta zile chupa tatu jikoni.

Wiki mbili baadaye, Ijumaa, nilitoka Malaba peke yangu. Jua lilikuwa lilelile. Nilikunywa kidogo kidogo, kama Amoit alivyonielekeza, bila kungoja kiu. Mara ya nne kupanda, nilifika juu ya jiwe la muhogo. Shangazi, ambaye Amoit alikuwa amemweleza yote Jumapili ile, alinyanyuka. Kikombe cha bati kilikuwa tayari mlangoni. Alinitazama, akalitazama begi langu, ambalo sasa Amoit alikuwa amelifunga kwa blada.

"Leo uko bondeni?"

"Niko bondeni, mama."

Maishani mwangu nimewasubiri maafisa wengi waniambie neno moja, nikiwa na mihuri yote na bahasha ya karatasi mkononi. Halijawahi kunifurahisha kama siku ile.

"Basi pita," akasema, akarudi kugeuza muhogo wake.

Nikapita. Mgongoni nilisikia maji yakicheza, lita mbili nzima.